Kimti Kilichopambwa kwa Uzushi

Mvulana mwenye kichwa cha duara kama tikiti maji anatundika pambo moja, jekundu, kwenye ncha ya mti wa Krismasi uliokonda kuliko yote iliyokuwa sokoni. Mti unapinda hadi chini. Mvulana anaamini ameuua. Anaondoka kichwa chini, na wewe uliyekaa mbele ya televisheni hujui ucheke au umwonee huruma.

Kipindi ni A Charlie Brown Christmas, cha dakika 25 hivi, kilichorushwa mara ya kwanza na kituo cha CBS cha Marekani Alhamisi tarehe 9 Desemba 1965. Kilitokana na Peanuts, yaani Karanga, katuni ya gazetini ya Charles M. Schulz, ya aina ile ya visanduku vichache kwa siku ambayo wasomaji wa Taifa Leo waliizoea kwa Juha Kalulu. Peanuts ilianza tarehe 2 Oktoba 1950 katika magazeti 7 na ikakoma Februari 2000, wikiendi ile ile Schulz alipofariki. Katuni zote 17,897 alizichora kwa mkono wake. Jina lenyewe hakulipenda hata siku moja. Alibandikiwa na kampuni iliyokuwa ikiyauzia magazeti kazi yake.

Kitu kikipendwa miaka 60 huota hadithi pembeni kama mbuyu unavyoota majina ya waliopita. Wiki hii nimekirudia kipindi hiki mara tatu, kidole kwenye kitufe cha kusimamisha picha, huku nikipima yale yanayosemwa juu yake. Nimegundua kwamba mengi si uongo mtupu. Ni ukweli uliopigwa pasi: makunyanzi yametolewa, na mimi niliyapenda makunyanzi.

"Kipindi kinacholalamikia biashara kililipiwa na kampuni ya soda"

Kweli. Charlie Brown anazunguka kipindi kizima akinung'unika kwamba Krismasi imegeuzwa duka. Mbwa wake Snoopy anashindania zawadi ya nyumba iliyopambwa kuliko zote mtaani. Dada yake Sally anamwandikia Santa Claus barua, na akiona orodha imekuwa ndefu anapendekeza aletewe noti tu, za dola 10 na 20. Aliyeweka fedha mezani ili tuyaone yote hayo ni Coca-Cola.

Ilikuwa hivi. Aprili 1965 wahusika wa Peanuts walitokea kwenye jalada la jarida la Time. Haukupita muda mrefu, mtu wa shirika la matangazo lililoihudumia Coca-Cola akampigia simu mtayarishaji Lee Mendelson: mna wazo lolote la kipindi cha Krismasi? Mendelson hakuwa nalo. Akajibu kwamba analo. Kisha akampigia Schulz kumjulisha kuwa kipindi kimeshauzwa, kilichobaki ni kukibuni. Muhtasari ukaandikwa kwa siku moja, na kazi nzima ikapewa kama miezi 6 na dola 76,000. Hazikutosha. Walipomaliza walikuwa wamezidisha kama dola 20,000.

Alama ya mdhamini ilikuwemo hadi ndani ya hadithi. Kwenye toleo la 1965, watoto wanateleza barafuni, Snoopy analing'ang'ania blanketi la Linus, rafiki wa Charlie Brown, anamzungusha na kumrusha, na Linus anaenda kujibamiza kwenye bango. Bango lile lilikuwa la Coca-Cola. Mwishoni kulikuwa na salamu za Krismasi kutoka kwa wajaza chupa wa soda hiyo. Vyote viliondolewa baadaye. Anayekitazama leo haoni soda wala historia yake.

"Katuni ya mistari michache ni rahisi kuichezesha"

Si kweli, na hapa naomba nikae kidogo.

Chukua penseli umchore Charlie Brown. Duara, nukta mbili, pua, kinywele kimoja kilichojikunja kwenye paji la uso, shati lenye mstari wa meno ya msumeno. Umemaliza. Sasa mwambie ajikune utosini. Hawezi. Kichwa ni kikubwa na mikono ni mifupi mno, haifiki. Mwambie ageuke taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Hapo ndipo penseli inapokwama, kwa sababu kichwa hiki hakina umbo la kweli. Kipo kwa upande, na kipo kwa robo tatu, lakini katikati ya hizo mbili hakuna kitu. Gazetini si tatizo, kisanduku kinachofuata kinakuja tayari kimegeuka. Kwenye televisheni, safari ya kutoka picha moja hadi nyingine lazima ionekane.

Kazi hiyo ilimwangukia Bill Melendez, mzaliwa wa Hermosillo, Meksiko, ambaye alikuwa ameshachora kwenye filamu za Disney kama Fantasia na Bambi. Huko alifundishwa kwamba kila umbo lina uzito, linavutika, linazunguka. Ujuzi wote huo ilibidi aufungie kabatini. Tazama kwa makini watoto wanapogeuka: hawazunguki, wanaruka kutoka mkao mmoja hadi mwingine, na miguu yao mifupi inakatakata hatua kama vifaranga. Snoopy peke yake ndiye Melendez alijiruhusu kumwachia. Mbwa anacheza dansi, anaigiza wanyama mmoja baada ya mwingine, anamkejeli Lucy, dada wa Linus, nyuma ya mgongo wake, mwili wote ukinyumbuka kama mpira.

Na haikuwa mara ya kwanza kwa wahusika hawa kutembea, ingawa wengi husema hivyo. Melendez alikuwa amewachezesha tangu mwisho wa miaka ya 1950 kwenye matangazo ya magari ya Ford. Schulz alimwamini tangu hapo, kwa sababu hakujaribu kuwanyoosha wawe wazuri kuliko walivyo.

"Wakubwa wa CBS walitaka kuifuta Biblia"

Nusu kweli. Hadithi inayopendwa ni ya Schulz mmoja, mcha Mungu, akisimama dhidi ya mabepari wa televisheni. Ilivyokuwa, waliosita kwanza walikuwa wenzake mezani. Charlie Brown anapouliza kwa uchungu kama kuna anayejua maana ya Krismasi, Schulz alitaka Linus asimame jukwaani asome habari ya wachungaji kutoka Injili ya Luka, sura ya 2. Melendez aliona ni hatari kuchanganya katuni na dini. Mendelson naye, aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi, alikuwa na wasiwasi. Schulz akawauliza: tusipofanya sisi, atafanya nani? Ikaishia hapo.

CBS walikiona kipindi siku chache tu kabla ya kurushwa, na wakakichukia kwa mapana yake: kinakwenda polepole, muziki haufai, watoto wanaongea kama watoto. Lakini ratiba ilikuwa imeshatangazwa na nafasi imeshauzwa, kwa hiyo wakakirusha wakiwa wamekunja uso.

Wanaomfanya Schulz mhubiri wanakosea pia. Aliwahi kufundisha Biblia kanisani, ndiyo, na aliijua vizuri. Miaka ya baadaye alijieleza mwenyewe kuwa mtu wa utu zaidi kuliko wa dhehebu. Aliposisitiza Luka iingie, naona alikuwa anafuata hadithi: mtoto ameuliza swali, basi ajibiwe.

"Linus analiachia blanketi lake pale malaika anapowatoa wachungaji hofu"

Kweli. Nimesimamisha picha mara nne kuhakikisha. Linus ni mtoto asiyeachana na blanketi lake. Dada yake Lucy humdhihaki kwa ajili hiyo, na katika kipindi hiki hiki anatishwa ili alitupe, halitupi. Anapanda jukwaani, taa inammulika peke yake, anaanza kusimulia. Akifika kwenye maneno ya malaika ya kuwaondolea wachungaji woga, mkono unafunguka na blanketi linadondoka. Hakuna anayelitaja, wala picha haisogezwi karibu yake.

Kwamba Schulz au Melendez alipanga iwe fumbo, hilo ni jambo jingine. Wanaolisimulia husahau kwamba akimaliza, Linus anainama, analiokota, na kuondoka nalo. Mimi nampenda zaidi kwa hilo. Mtoto aliyeponywa woga wake milele ningemshuku.

"Ule wimbo wa piano ulitungwa kwa ajili ya Krismasi"

Si kweli. Linus and Lucy, ule unaodundadunda watoto wanapocheza dansi badala ya kufanya mazoezi ya igizo lao la Krismasi, ulikuwepo kabla. Miaka miwili hivi nyuma Mendelson alitengeneza filamu ya habari juu ya Schulz. Akitafuta muziki wake, alikuwa garini akivuka daraja la Golden Gate, San Francisco, redio ikapiga Cast Your Fate to the Wind ya mpiga piano wa jazi Vince Guaraldi. Akamtafuta. Baada ya wiki chache Guaraldi akapiga simu: ametunga kitu, anataka kukipiga sasa hivi. Mendelson akamsihi asikipige kwenye simu, sauti itaharibika. Guaraldi akasema lazima mtu akisikie kabla hakijamtoka kichwani. Kilichopita kwenye waya ndicho Linus and Lucy.

Filamu ile haikupata mnunuzi. Muziki ukabaki, ukisubiri kazi.

Schulz mwenyewe hakuwa mtu wa jazi, kwa hiyo anayesema mchoraji ndiye aliyeichagua anamzawadia sikio la mwenzake. Na maneno ya Christmas Time Is Here, ambayo leo kwaya nyingi za Marekani huyaimba kana kwamba ni ya kale, aliyaandika Mendelson nyuma ya bahasha kwa dakika chache, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha na mwandishi mwingine hakupatikana.

Kuna mzaha mmoja wa muziki ambao hupita haraka. Lucy anamwomba Schroeder, mpiga piano wao, apige Jingle Bells. Anaipiga kwa ustadi mkubwa, Lucy haitambui. Anaipiga kama kinanda cha kanisani, bado. Mwishowe, kwa hasira, anadonoa noti moja moja kwa kidole, na Lucy anaruka kwa furaha kwamba sasa ndiyo yenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kumfanyia kazi mteja ataielewa.

"Watu wazima wanaongea kama tromboni"

Si kweli, angalau si hapa. Ile sauti ya mwalimu inayolia kama bata ndani ya bomba ilianza 1967, katika You're in Love, Charlie Brown. Kwenye Krismasi hii hakuna mtu mzima hata mmoja, wala sauti yake.

"Sauti ni za watoto wa kweli"

Kweli, na mwaka 1965 hilo halikuwa jambo la kawaida; sauti za watoto kwenye katuni mara nyingi zilifanywa na wanawake wazima. Peter Robbins, aliyekuwa Charlie Brown, alikuwa na miaka 9. Kathy Steinberg, aliyekuwa Sally, alikuwa mdogo kiasi kwamba hajajua kusoma. Alitamkiwa sentensi kipande kwa kipande, akarudia, kisha vipande vikaunganishwa. Sikiliza barua yake kwa Santa Claus: kuna vijipumziko mahali ambapo msemaji wa kawaida hangepumzika, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Na jino lake lilikuwa linalegea. Wakamharakisha kurekodi kabla halijang'oka, asije akaanza kuongea kwa kithembe katikati ya kipindi.

Nyimbo za kwaya ziliimbwa na watoto wa kanisa la St. Paul's, San Rafael, California. Hawaimbi kwa usawa kamili, na hakuna aliyewasawazisha.

Snoopy ni Melendez. Schulz alikataa katakata mbwa aongee, kwa hiyo Melendez akabwabwaja maneno yasiyo na maana kwenye kinasa sauti na kuuharakisha utepe. Ulikuwa mfano tu wa kumwonyesha mwigizaji atakayekuja. Mwigizaji hakuja.

Kitu kimoja hutakisikia: vicheko vya bandia, ambavyo siku zile viliwekwa karibu kila mahali. Mendelson alipendekeza viwemo. Schulz akainuka, akatoka chumbani. Aliporudi wakaendelea na mambo mengine.

"Kipindi kiliua biashara ya miti ya alumini"

Haijathibitika. Lucy anamtuma Charlie Brown alete mti mkubwa wa alumini unaong'aa, ikiwezekana uliopakwa rangi ya waridi. Haikuwa kichekesho cha kubuni. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 miti ya namna hiyo ilitengenezwa kweli, hasa na kiwanda kimoja cha Manitowoc, Wisconsin, kilichoiita Evergleam. Haikuweza kuvishwa taa za umeme kwa hofu ya kumpiga mtu shoti, hivyo watu waliimulika kwa taa yenye gurudumu la rangi lililozunguka sakafuni. Kwenye kipindi, Linus anaugonga mmoja na unatoa mlio wa debe tupu.

Miaka ya 1970 ilipoanza, fasheni hiyo ilikuwa imepita. Wapenzi wa kipindi huweka matukio hayo mawili bega kwa bega na kutangaza muuaji. Lakini fasheni za sebuleni hujifia zenyewe. Waulize walionunua makochi ya velveti.

"Franklin alikaa peke yake upande mmoja wa meza kwenye Krismasi ile"

Si kweli, wanachanganya sikukuu. Mwaka 1965 Franklin, mtoto mweusi wa Peanuts, hakuwepo kabisa. Aprili 1968, siku 11 baada ya Martin Luther King kuuawa, mwalimu mmoja wa Los Angeles, Harriet Glickman, alimwandikia Schulz akimwomba aingize watoto weusi. Schulz alisita: alihofu ataonekana anawafadhili watu kwa kuwatazama kutoka juu. Glickman hakukata tamaa, akamkusanyia maoni ya wazazi weusi aliowajua. Tarehe 31 Julai 1968 Franklin akatokea gazetini, pwani, akimrudishia Charlie Brown mpira uliokokotwa na maji.

Picha inayolalamikiwa ni ya kipindi cha sikukuu ya shukrani cha 1973. Hapo, kweli, Franklin kakaa upande wake peke yake, kwenye kiti cha ufukweni kibovu, wenzake wamejazana ng'ambo ya meza. Hakuna maelezo yatakayoifanya picha ile ipendeze. Mwaka 2024 kilitoka kipindi kipya, Welcome Home, Franklin, kilichoandikwa kwa kushirikiana na mchora katuni Robb Armstrong, ambaye jina lake la ukoo Schulz aliomba ruhusa ampe Franklin. Humo Linus anamwita Franklin aje akae upande wao wa meza.

"Kimerushwa kila mwaka bure kwa wote"

Zamani ndiyo. CBS walikuwa nacho hadi 2000, kisha ABC, ambao wakati mwingine walikikatakata ili matangazo yaenee. Mwaka 2020 kikanunuliwa na Apple TV+, watu wakapiga kelele, kikaonyeshwa pia kwenye kituo cha umma cha PBS mwaka huo na uliofuata. Tangu 2022 asiyelipia hufunguliwa mlango siku chache tu za Desemba.

"Waliokitengeneza walijua wameshika lulu"

Si kweli hata chembe. Walipokitazama kikiwa kimekamilika, Melendez aliona wamemharibu Charlie Brown. Mmoja tu, mchoraji Ed Levitt, alisimama nyuma ya chumba akawaambia wenzake kitaonyeshwa miaka 100. Walimwona kama amelewa. Usiku wa tarehe 9 karibu nusu ya televisheni zote zilizowashwa Marekani zilikuwa kwenye chaneli hiyo, nyumba zaidi ya milioni 15. Mwaka uliofuata zikaja tuzo za Emmy na Peabody.

"Ujumbe wake ni kwamba tuachane na mapambo"

Hili ndilo lililonifanya niandike. Husemwa kila mwaka, hata kwenye mahubiri: kimti maskini kinashinda, makorokoro ya biashara yanashindwa. Si kweli, na ushahidi uko mbele ya macho.

Lile pambo jekundu la mwanzo, lililokiinamisha kimti, Charlie Brown analitoa wapi? Analichomoa kwenye kibanda cha Snoopy, kibanda kile kile kilichojaa taa na mapambo, chenye utepe wa mshindi wa kwanza, ambacho dakika moja kabla kimemtia uchungu. Akishaondoka, wenzake wanakuja. Linus anaufunga mti blanketi lake miguuni. Kisha wote wanakizunguka kibanda cha mbwa, wanakivua kila kilichomo na kukihamishia mtini, mikono ikipepea hovyo. Wanaposogea nyuma, mti umesimama, umejaa matawi ambayo haukuwa nayo, na hakuna anayeuliza yametoka wapi. Mshindi wa shindano anaimba pamoja nao kwenye theluji.